Amani Ilivyofika Courmelin

Mainz, 14 Januari 1919

Dada yangu Honorine,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha Krismasi kimekuacha. Mimi sijambo. Mguu unanisumbua baridi ikizidi, lakini mguu ninao, wenzangu wengi hawana. Habari za shangazi Zélie nimezipata kwa padri. Vita vyote vile vilishindwa kumwua, kumbe anakuja kuchukuliwa na mafua. Niwie radhi kwamba ulimzika peke yako.

Kikosi chetu kiko hapa Mainz tangu Desemba, na dalili ni kwamba tutakaa. Maofisa tumegawiwa vyumba katika nyumba za raia. Mimi niko kwa mama mmoja mjane, Bi Ottilie Hartung, ambaye marehemu mumewe alikuwa seremala. Siku za mwanzo hakunisemesha. Alikuwa akiniwekea maji ya moto mlangoni na kuondoka. Chakula chao ni ile mizizi tuliyokuwa tukiwapa ng'ombe nyumbani. Meli zetu bado zimewafungia bahari, na watoto wa mtaa huu wana miguu kama njiti za kiberiti.

Wakubwa wanakutana Paris wiki hii kupanga amani. Wewe uliyenilea unajua sina chuki ya muda mrefu. Mimi naona huyu jirani hatahama, atabaki hapo hapo alipo mpaka mwisho wa dunia. Tukimwacha na njaa na aibu, wanafunzi wangu wa shuleni watakuja kupigana na watoto hawa ninaowaona barabarani. Afadhali iundwe hilo baraza la mataifa yote analolitaka Rais wa Marekani, na Wajerumani wakalishwe humo pamoja nasi.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Bi Ottilie amegundua kwamba mimi ni mtu wa mkoa wa Aisne. Akaniletea kadi ya mwanawe wa pekee, Emmerich, mateka wetu. Yuko kwenye kambi ya kile kiwanda cha sukari kilichobomoka, hapo hapo kwenu, katika kundi linaloondoa makombora mashambani. Mamaye amemfumia soksi. Nimezifunga pamoja na barua hii. Nakuomba umfikishie, na uniambie tu kama yu mzima.

Mdogo wako,
Aurélien


Courmelin, 16 Februari 1919

Mdogo wangu Aurélien,

Nimepata salamu zako, nami nakurudishia zangu. Kikohozi hakijaniacha, maana nalala katika chumba cha chini ya ardhi tulichokuwa tukiwekea viazi, na juu yake hakuna nyumba tena. Mzee Baptiste anakusalimu. Meya amerudi na wanawe wawili. Mjane wa mwokaji mikate, Philomène, naye amerudi, na ulimi wake mzima kama ulivyouacha. Jumla yetu hatuzidi familia kumi. Kanisa ni ukuta mmoja. Mitufaha ya baba Wajerumani waliikata yote kabla ya kuondoka mwaka wa kumi na saba, mmoja mmoja, kwa msumeno, kwa utulivu kabisa. Haikupigwa na kombora hata mmoja.

Soksi zimefika. Nimempa Baptiste, ambaye alikuwa akijifunga magunia miguuni. Mwambie huyo mama zimevaliwa.

Unanieleza amani unayoitaka wewe, basi sikiliza na yangu. Wewe uliwaona Wajerumani ng'ambo ya uwanja, wakikulenga nawe ukiwalenga. Mimi nimeishi nao. Nimewapikia. Nimewapisha njiani, nikishuka kwenye matope ili wao wapite pakavu. Mwaka wa kumi na sita walikuja kumchukua Achille mume wangu mezani, kijiko kikiwa mkononi, wakamfunga mkononi kitambaa chekundu cha vibarua wa lazima, wakampeleka kuwachimbia mahandaki. Waliponirudishia alikuwa anatema damu, na hakumaliza msimu.

Kwa hiyo mimi nataka waliovunja ndio wajenge. Watoe kila kombora walilolizika kwenye udongo wetu. Wakimaliza, warudi ng'ambo ya Rhine, na mto ule ulindwe hata baada ya mimi na wewe kuoza. Hilo baraza lako walikalie wasio na mashamba. Nilisema hivi mkutanoni mbele ya meya, na watu wakanipigia makofi.

Vaa vizuri kifuani, usiuchezee mguu.

Dada yako,
Honorine


Mainz, 9 Machi 1919

Dada,

Nashukuru kwa habari za nyumbani, ingawa za mitufaha zimenikosesha raha. Hapa theluji imeyeyuka na mto umejaa. Chakula kidogo kimeanza kuruhusiwa. Bi Ottilie amepata unga mweupe, akakaa akiushika tu kwa vidole kabla ya kuupika.

Nimemdanganya. Nimemwambia mwanawe amezipata soksi na ameshukuru. Alifurahi, na mimi nikashindwa kumaliza supu yake.

Nitakwambia jambo, na najua utakasirika. Ulipoandika habari za shemeji Achille, niliiweka barua yako kando nikaisoma ile kadi ya Emmerich. Kijana huyu hakuvunja nyumba yako. Alitekwa mwaka jana, mwezi wa nane, miezi mitano tu baada ya kuitwa jeshini. Vita vimekwisha, naye analazimishwa kuchimba, na bunduki mgongoni. Shemeji naye alilazimishwa kuchimba, na bunduki mgongoni. Wao walisema ni mahitaji ya vita. Sisi tunasema ni mahitaji ya amani. Nionyeshe tofauti, dada, maana mimi nimeitafuta nimeikosa.

Usipoweza kumsaidia, basi mtazame tu uniambie.

Aurélien


Courmelin, 27 Aprili 1919

Aurélien,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea. Tumepata mabati na karatasi za lami kutoka wilayani, na mbuzi mmoja kwa kila nyumba yenye mtu.

Nimekaa wiki zote hizi bila kukujibu kwa makusudi. Nilianza kukuandikia mara kadhaa, nikatia motoni. Umemtaja Achille kwa namna ambayo angekuwa mtu mwingine nisingemsamehe. Wewe nitakusamehe, lakini si leo.

Tofauti unayoitafuta ni hii: sisi hatukuanza.

Kundi la makombora limefika shamba langu lililo nyuma ya kanisa. Nilimwuliza mlinzi yupi ndiye Hartung. Kumbe ni kijana mwembamba, masikio yamemtoka kama vishikio vya sufuria. Alikuwa amepiga magoti, anafukua udongo kwa mikono kulizunguka kombora, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala kitandani. Nikangoja amalize. Alipoinuka nikamwonyesha visiki vya baba.

Nikamwuliza, "Unajua nani aliyeikata hii?"

Akatazama. Kifaransa chake ni cha kuungaunga. Akasema, "Si mimi, mama. Wakati ule nilikuwa bado nafundishwa useremala. Lakini ningeamriwa, ningekata."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Angeniomba radhi, ningemtemea mate. Nilirudi ndani. Jioni nilimpa mlinzi viazi vya kuchemsha awagawie wote, ili isionekane nampendelea mtu.

Mwambie mamaye yu hai. Usiongeze neno jingine lolote.

Honorine


Mainz, 18 Mei 1919

Dada mpenzi,

Asante. Sina la kusema zaidi ya asante. Bi Ottilie aliposikia alinishika mikono yote miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya, halafu akaona haya akaenda kufagia ngazi zilizokwisha kufagiliwa.

Lakini furaha hiyo haikukaa. Masharti ya amani yametangazwa, nawe bila shaka umeyasikia. Magazeti ya hapa yameyachapa yote. Alinisomea mezani, sentensi moja moja, akinitazama kila akimaliza. Alipofika pale wanapotakiwa wakubali kwamba kosa lote la vita ni lao, akakunja gazeti. Akasema yeye alikuwa akisubiri amani kama mtu anayemsubiri mgeni, na sasa mgeni amefika na fimbo. Nilimjibu kwamba watu wake ndio walioingia kwetu. Akasema, "Ndiyo. Nawe umeingia kwangu. Sasa nani atatoka kwanza?"

Jirani yangu, Kapteni Rivaudel, anasema masharti ni mepesi mno. Mimi naona ni mabaya kwa namna mbili: yanatosha kuwatia hasira na hayatoshi kuwazuia. Tulibishana mpaka tukanuniana.

Nina ombi la mwisho. Mateka hawatarudishwa mpaka mkataba utiwe saini na kuthibitishwa, na hilo litachukua miezi. Emmerich ni seremala. Nasikia kambi zinaruhusu mafundi kujenga vibanda vya wananchi wakiombwa. Wewe unaheshimika hapo. Nenda kwa mkuu wa kambi umwombe kama fundi wako. Huna haja ya kumpenda. Unahitaji paa.

Aurélien


Courmelin, 10 Juni 1919

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mbuzi amezaa, na kabichi zimetoka ingawa konokono wanazimaliza. Baptiste amelazwa na baridi yabisi.

Nimekwenda kwa kapteni wa kambi. Nimempata fundi wako. Sikufanya hivyo kwa ajili ya barua zako. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na godoro langu liliota ukungu.

Ana mkono mzuri, siwezi kusema uongo. Amechomoa boriti kutoka kwenye mahandaki yao wenyewe na kuniezekea chumba kizima. Alijipiga nyundo kwenye dole gumba, akatukana kwa Kifaransa, na tusi lenyewe ni la hapa hapa Courmelin, bila shaka amefundishwa na walinzi. Nilicheka kabla sijajizuia. Mara ya mwisho kucheka sikumbuki ilikuwa lini.

Philomène alipita akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, je, arusi ni lini. Nikamjibu akamwulize marehemu mumewe, aliyekuwa akiwaokea Wajerumani keki walipokuja, kama yeye alioa wangapi. Sasa hatusalimiani.

Nilimwuliza Emmerich yeye anataka amani ya namna gani, maana wewe na mimi na wakubwa wa Paris tumeshasema. Alifikiri huku misumari iko mdomoni. Akasema anataka kulala usiku mmoja bila mtu kumhesabu asubuhi. Basi. 

Usidhani nimebadilika. Nikimaliza kumtazama yeye nageuka naona visiki. Waje wote, wafanye kazi, iishe. Lakini nakubali kwamba mtu ukimtazama kwa karibu anakuharibia hesabu.

Honorine


Mainz, 20 Juni 1919

Dada,

Naandika nikiwa nimesimama. Wajerumani wanasita kutia saini, na sisi tumeamriwa tuwe tayari kuvuka mto na kuendelea mbele mpaka Berlin ikibidi. Farasi wametandikwa. Askari wangu, waliokwisha kuwaandikia wake zao kwamba wanarudi, wanafunga mizigo tena.

Sikudhani nitaishika tena bunduki kuelekea kwa watu ambao nimewajua kwa majina. Bi Ottilie alikunja mashati yangu na kuyapanga vizuri ndani ya mkoba.  Nami sikuweza kumwambia kwamba tukivuka, wa kwanza kuumia watakuwa mateka waliomo mikononi mwetu.

Mlinde huyo kijana, kama unaweza.

Aurélien


Courmelin, 1 Julai 1919

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu hamkuvuka. Habari za saini zilitufikia Jumamosi jioni. Kengele hatuna, kwa hiyo mtoto mkubwa wa meya alining'iniza jembe la plau akaligonga kwa chuma. Watu walitoka mashimoni mwao wakasimama. Philomène alilia. Baptiste aliuliza kama sasa tutapewa makaa ya mawe.

Mvua inanyesha. Paa halivuji.

Mbuzi mdogo nimemwuza. Kula vizuri. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Honorine


Mainz, 20 Julai 1919

Dada Honorine,

Nilisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta kitu, sikukiona. Umenitajia plau, makaa na mbuzi. Kijana hukumtaja.

Bi Ottilie aliandika kadi mwezi uliopita, imerudi bila kupokewa, na juu yake muhuri wa kambi. Anasema bila shaka mwanawe amehamishwa. Ananiuliza kila asubuhi anapomimina kahawa. Nami namjibu kwamba ndiyo, bila shaka amehamishwa.

Niambie.

Aurélien


Courmelin, 3 Agosti 1919

Mdogo wangu Aurélien,

Leo sina salamu za kutosha, utanisamehe.

Emmerich amekufa. Alikufa siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya saini. Sikukuandikia kwa sababu nilijua nikikwambia, wewe ndiye utakayebeba neno hilo mpaka kwa mamaye, na nilitaka ukae kidogo bila mzigo huo. Pia sikuweza.

Wanamaji wa Kijerumani walipozizamisha meli zao baharini ili tusizichukue, hasira ilipanda kila mahali. Sijui ilikuwa ni amri ya juu au ni kapteni mwenyewe, lakini kesho yake mafundi wote walirudishwa kwenye makombora. Walinzi walikuja kumchukua akiwa juu ya paa. Alishuka, akanipa nyundo yangu, akaniomba radhi kwa kipande cha ukingo ambacho hakijanyooka.

Nilikwenda kambini. Nilimwambia kapteni paa langu halijaisha. Lilikuwa limeisha. Akanisikiliza kwa adabu, akanipa kiti. Halafu akasema, "Mama, meya ameniambia hotuba yako. Ulisema watoe kila kombora. Mimi natekeleza ulichokiomba." Nilikisukuma kile kiti nikatoka. Hata sasa bado natafuta la kumjibu.

Nilikuwa naanika nguo nilipousikia mlipuko. Tumesikia mingi hapa, hatushtuki tena. Huo nilishtuka. Ilikuwa katika shamba la Baptiste, karibu na msalaba wa njia panda. Mwenzake alipoteza mkono. Yeye alikuwa bado anapumua nilipofika, na alinitambua, nadhani. Aliniambia maneno mengi kwa lugha yao. Wewe ungeyaelewa. Mimi niliitikia tu ndiyo, ndiyo, mpaka akanyamaza.

Kulikuwa na joto, na gari la kambi halikuja. Walinzi walitaka kumfukia kwenye shimo lile lile la kombora. Nikakataa. Nikaenda kwa meya nikaomba nafasi makaburini. Meya alinitazama kama mwenye kichaa. Akasema, "Honorine, Achille yupo pale. Unataka walazwe pamoja?"

Nikamwambia, "Achille alikufa kwa kuwachimbia wao. Huyu amekufa kwa kutuchimbia sisi. Watakuwa na mengi ya kuzungumza."

Hakukubali. Alisema watu watamfukua, na kwa kuwajua watu wangu niliona anasema kweli. Basi tumemzika kwenye bustani yangu, mateka wanne na mimi. Padri alikuja akasimama upande wa pili wa ua, akasema sala kutoka pale.

Usije ukaniandikia kwamba hatimaye tumekubaliana. Hatujakubaliana. Mwana wa mama mmoja amekufa, na bado Achille amekufa, na bado mto ule inafaa ulindwe. Ila makofi yale niliyopigiwa mkutanoni, nayasikia nikilala.

Dada yako


Mainz, 14 Septemba 1919

Dada,

Natumaini kikohozi kimepungua na mnavuna chochote.

Nimechelewa, nawe unajua kwa nini. Barua yako nilitembea nayo mfukoni mwezi mzima. Kila asubuhi nilikunywa kahawa ya Bi Ottilie, akaniuliza, nikamwambia bado sijapata habari. Nilikuwa nasema moyoni, nitamwambia leo akimaliza kufua. Kesho akitoka kanisani. Mimi ninayehubiri kwamba mataifa yaambiane ukweli mezani, nilishindwa kumwambia mama mmoja ukweli mezani kwake.

Nilimwambia Jumapili iliyopita. Nilimweleza yote: paa, nyundo, kapteni, bustani. Hakulia mbele yangu. Aliuliza ilikuwa tarehe ngapi, nikamwambia.

Akasema, "Vita vilikuwa vimekwisha."

"Ndiyo, mama. Tangu Novemba."

"Na amani ilikuwa bado."

"Bado siku mbili."

 Akasema anataka kulichonga jina la mwanawe karibu na la babaye, na kwamba mawe yote ya vijana wa mtaa yameandikwa amekufa vitani. "Langu nichonge amekufa katika nini?" Aliniuliza kweli, dada, akingoja jibu, kama mwanafunzi anavyomwuliza mwalimu tahajia. Nilisoma chuo, nimefundisha watoto historia, na neno hilo sikuwahi kufundishwa.

Kisha aliniomba nitafute chumba kwingine. Alisema hana chuki nami, lakini kila nikipanda ngazi kwa buti moyo wake unamdanganya kuwa ni mwanawe. Niliondoka jioni ile. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Aliniuliza jina lako, nikamtajia, akalirudia mara mbili ili asilisahau. Hakunipa salamu za kukuletea, wala laana.

Nimeomba kutoka jeshini. Wakinikubalia, nitarudi mwakani nifungue shule hapo, hata kama ni ndani ya kibanda. Sijui nitawaambia nini watoto. Nilipofika hapa nilikuwa na hotuba nzima kichwani.

Aurélien


Courmelin, 22 Februari 1920

Mdogo wangu Aurélien,

Salamu kutoka kwetu sote. Tumevuka baridi, ingawa Baptiste hakuvuka, tulimzika Januari. Philomène alinisaidia kumwosha, na sasa tunasalimiana. Kibanda cha shule kimesimama, kina jiko na madirisha mawili, na watoto ni saba. Meya anauliza utafika lini.

Mateka wameondoka. Mkataba ulithibitishwa mwezi uliopita, na Jumanne iliyopita walipita hapa kwa miguu kuelekea stesheni. Wanakijiji tulitoka kuwatazama. Hakuna aliyewazomea wala aliyewaaga. Si mashamba yote yaliyosafishwa. Yale ya bondeni bado yamewekwa vibao. Nilichokidai sikukipata chote, na bei yake unaijua.

Walipofika kwenye ua wangu, mmoja alijitenga na mstari. Ni mtu mkubwa mwenye ndevu nyekundu, jina lake Vollrath, alikuwa mmoja wa wale wanne waliochimba kaburi. Alimwomba mlinzi ruhusa, na mlinzi akamwachia. Nikawafungulia mlango wa bustani. Waliingia wengi kuliko nilivyotarajia, wakavua kofia, wakasimama kati ya vile visiki. Mmoja alisawazisha udongo kwa kiatu. Halafu wakatoka mmoja mmoja, na kila mmoja aliinamisha kichwa mbele yangu.

Vollrath alikuwa wa mwisho. Alinishukuru kwa kumtunza mwenzao. Akatazama barabara, akatazama ukuta wa kanisa na mashamba mpaka kule msituni, polepole, kama mtu anayekariri kitu. Akaniambia kwa Kifaransa kilichonyooka kabisa:

"Njia ya kuja huku tunaijua sasa, mama."

Nilitaka kumwuliza ana maana ya kuja kulizuru kaburi, au ya kuja kama walivyokuja mara ile. Lakini mlinzi alikwisha anza kupiga kelele, naye akavaa kofia akaingia kwenye mstari. Uso wake haukuwa na tabasamu wala hasira. Nilibaki nimeushika mlango wa ua mpaka walipopotea kwenye kona.

Wewe umekaa nao zaidi ya mwaka. Unaijua lugha yao, na umekula mezani kwao. Usiku silali kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Niambie, mdogo wangu, yule mtu alikuwa na maana gani?

Honorine